Taa za Mbalamwezi

Jumatatu, 11 Novemba 1996

Macho yananiwasha kwa usingizi lakini silali mpaka niandike.

Jana Kaka Haruna alikubali nipande mtumbwi wake. Miaka yote wimbo wake ni mmoja: mwanamke kwenye mtumbwi wa dagaa ni nuksi. Sasa vita vimelipuka ng'ambo, Zaire, watu wanavuka ziwa kila siku, na mimi ndiye ripota wa redio hapa Kigoma. Nuksi imesamehewa. Shangazi Mwanamvua, mama yake Haruna, aliniazima koti la marehemu mumewe, akanionya nisije nikatapika ndani ya wavu wa watu. Nilitapika nje ya wavu.

Giza la mwezi kuandama. Mitumbwi imetawanyika, kila mmoja na karabai yake inalia shhh, dagaa wanaufuata mwanga. Mara sauti kutoka gizani. Watu wanaita, mbali, hujui ni upande gani. Nywele zilinisimama! Haruna hakuuliza nani huyo. Aliiinua karabai juu ya kichwa, akaishusha, akainua tena, mara tatu. Mtumbwi wa jirani ukafanya vilevile. Tukasubiri. Baadaye kikaja chombo kimejaa wanawake na watoto, maji yako kwenye kingo, mzee mmoja anapiga kasia kwa kipande cha ubao.

Haruna anasema ndiyo desturi yao tangu mababu. Anayeita ziwani usiku haulizwi jina, anainuliwa taa. Jina ataulizwa akishafika nchi kavu na kunywa uji.

Nimerekodi kila kitu. Mpaka ule mlio wa karabai.

Alhamisi, 14 Novemba

Imetoka! Taarifa ya jioni, baada tu ya habari za Dar. "Taa za Kigoma," ndivyo nilivyoiita. Nikaeleza yote — wanavyoita, taa inavyoinuliwa mara tatu, wavuvi wasivyouliza jina. Mwisho nikaweka mlio wa karabai peke yake, halafu "Ni mimi, Nasma, Kigoma."

Shangazi alilia. Kisha akasema sauti yangu redioni ni nzuri kuliko nyumbani, nyumbani nabweka. Selestini, mhariri wangu wa Dar, amepiga simu posta kunipongeza. Selestini! Mtu ambaye hamsifii hata mkewe.

Kesho mjini nitatembea kama nimemeza fimbo. Acha nitembee.

Jumanne, 19 Novemba

Mwaloni, penye kushushia samaki, asubuhi. Waliofika wamejaa ufukweni kote, wamejitanda matanga ya mitumbwi na kanga, wanangoja malori ya kuwapeleka kambini. Mwanamke mmoja akanifuata. Mwembamba, kitambaa cha bluu kichwani, miguu imevimba. Nilikuwa nampigia kelele dereva aliyekwenda kuegesha gari juu ya samaki wa watu. Yule mama akasimama akasikiliza. Halafu akaniuliza kama mimi ndiye Nasma wa redio. Ameijua sauti.

Anaitwa Veneranda. Anatoka ng'ambo, rasi ya Ubwari. Walikuwa wamejificha kwenye mihogo, hawajui waende wapi, mtu mmoja ana redio. Wakanisikia. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Sauti yako njo ilituleta," akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo. "Ulisema tufwate taa."

Nikamwambia sikusema wafuate. Nilieleza tu. Akacheka kidogo, kana kwamba najifanya mnyenyekevu.

Mama yake na binti yake, Honorata, wamebaki, chombo kilijaa. Watakuja na kinachofuata. Mtoto ana pumu, akikohoa kifua kinapiga mluzi, na bibi naye alitaka apate nafuu kwanza kabla ya kuvuka. Veneranda hapandi lori mpaka wafike. Anakaa pale pale penye jiwe la kuanikia nyavu, uso ziwani.

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Tena sana. Kwa nini basi sikula?

Ijumaa, 22 Novemba

Mbalamwezi. Siku hizi dagaa hawavuliwi, mwezi ukiwa mkubwa samaki hawana haja na karabai ya mtu. Mitumbwi yote imevutwa juu. Wavuvi wanashona nyavu, wanalala na wake zao, wanagombana juu ya mpira. Ujiji nzima inajua.

Baada ya magharibi nilimpelekea Veneranda uji. Nikakuta wanaume wamesimama wamejipanga kwenye maji, wanatazama mbali. Haruna yumo. Nikauliza kuna nini. Akanionyesha kwa kidevu.

Taa. Mbali sana, kule maji yanakokuwa ya wenzetu. Zimetulia, kama zetu zinavyotulia.

Nikasema labda ni wavuvi wa kule. Haruna akaniambia taratibu, kama anamwambia mtoto: hakuna mvuvi wa ziwa hili, wa huku wala wa kule, anayewasha karabai chini ya mwezi huu.

"Hao hawavui samaki," akasema.

Tukabaki tunatazama. Moja ikapanda. Ikashuka. Ikapanda. Mara tatu.

Jumamosi, 23 Novemba

Zipo tena leo. Sikutaka kwenda, nimekwenda.

Shangazi amefunga madirisha ya upande wa ziwa. Joto lote hili! Anasema hataki ziwa limtazame.

Jumapili, 24 Novemba

Mtumbwi umeletwa na mawimbi asubuhi. Mzima, haukuvunjika, hauna damu wala tundu. Hauna mtu.

Ndani kuna sufuria ya ugali wa muhogo, umekatwa upande mmoja. Kanga ya kubebea mtoto imefungwa kwenye ubao, bado ina fundo. Makasia yamelazwa vizuri ubavuni. Na ndala. Mungu wangu, zile ndala. Zimepangwa jozi jozi kwenye ukingo, za wakubwa na za watoto, kama nje ya mlango wa watu wenye karamu.

Haruna alizitazama jozi kwa jozi. Kisha akanieleza. Hapa ziwani hukanyagi mtumbwi wa mvuvi na viatu. Unavua, unaacha kwenye chombo chako, unapanda miguu mitupu. Ni adabu, hata watoto wa ng'ambo wanafundishwa. Kwa hiyo hawakuanguka majini wala hawakuburutwa. Walikuta taa, wakainuliwa taa, wakakaribishwa. Wakavua viatu wakapanda.

Veneranda alikuja akapiga magoti, akakagua ndala za watoto moja moja. Akasema za Honorata ni nyekundu, hazimo. Akamshukuru Mungu. Halafu akaona aibu kwa kushukuru, akalia juu ya zile ndala zisizo za mtoto wake.

Mimi nilisimama tu. Kinasa sauti begani. Sikukiwasha.

Ile ishara ilikuwa ya watu wa ziwa. Nani aliitoa ziwani? Nani aliiweka redioni, kwa Kiswahili kizuri, kinachosikika pande zote mbili? Kila neno lilikuwa la kweli. Nilihakiki. Nilimuuliza Haruna mara mbili taa inainuliwa mara ngapi, nisije nikakosea! Shangazi ana msemo wake, maji yakimwagika hayazoleki. Leo hakuusema. Alinitazama, akanitengea chai.

Jumatatu, 25 Novemba

Posta, simu kwa Selestini. Nikamweleza yote, na kwamba walioziwasha zile taa lazima ni watu wenye bunduki wanaonasa wakimbizi. Nikataka jioni hii hii nitoe onyo: msizifuate taa.

Akaniacha nimalize. Halafu akauliza, umeona watu au umeona taa? Nikasema nimeona taa. Na mtumbwi mtupu. Akasema basi nina habari ya taa na mtumbwi. Wako wapi walionusurika? Nani kawaona hao wenye bunduki? Ni askari wa upande gani, au ni majambazi? Nikasema aliyewaona hajarudi, atanipa mahojiano vipi? Simu inakula hela ya ofisi.

Si mtu mbaya Selestini. Akaniuliza swali lingine. Nikiwaambia wasifuate taa, wafuate nini? Watu wako katikati ya ziwa, wenye kuwaua wako nyuma. Nikizima taa zote kwa mdomo wangu, wangapi watazunguka huko huko mpaka wazame? Na wale wenye bunduki nao wananisikiliza. Akanikumbusha hilo kwa sauti ya chini. Isitoshe wakubwa wamekataza habari za kuvuka ziwa zisitangazwe mpaka waseme wao.

Niliwafuata wakubwa wa hapa mkoani pia. Wamenipa kiti na soda. Wanalifanyia kazi.

Taa zipo. Naziona hata nikifumba macho.

Jumanne, 26 Novemba

Nimefanya jambo.

Kila Jumanne ninasoma bei za sokoni. Mawese, mihogo, migebuka, dagaa. Hakuna mhariri anayezisikiliza bei za Kigoma, nadhani hata fundi mitambo husinzia. Leo niliposoma dagaa nikasema hivi: "Dagaa wakavu wamepanda bei Ujiji kutokana na mbalamwezi. Wavuvi wote wa Kigoma wako nchi kavu. Hakuna taa yao hata moja ziwani mpaka giza litakaporudi."

Basi. Nikaendelea na mawese.

Ni kweli tupu. Mvuvi yeyote wa kule ataelewa, na asiye mvuvi atasikia bei ya dagaa. Nimemficha Selestini kwa kumwambia ukweli mbele ya nchi nzima. Je, hii bado ni kazi yangu? Ripota haamrishi chombo kigeuke. Lakini nilikwishaamrisha, tarehe kumi na nne, nikapongezwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Wamefika watu! Mchana kweupe, juani, wameungua midomo lakini wazima. Mvuvi wa Ubwari anaitwa Dismasi ndiye kawaleta. Anasema alizisikia bei, akawaambia wenzake huyu mwanamke anatuambia kitu, tangu lini redio inaeleza wavuvi wamelala wapi? Wakapita mbali na zile taa, wakavuka kwa jua.

Nilimkumbatia mwanaume wa watu mwaloni mbele ya Ujiji nzima. Shangazi atasikia kabla sijafika nyumbani.

Halafu Veneranda akauliza habari za mama yake.

Dismasi akasema wazima, na mtoto anaendelea vizuri. Aliwasihi waje naye. Bibi akakataa katakata. Yeye naye alinisikia. Kasema, Nasma wa Kigoma ameahidi taa zitarudi na giza, kwa hiyo wanangoja giza. Usiku wa kwanza wavuvi watakapotoka, nao watatoka. Wako wengi wanaongoja hivyo.

Mpaka giza litakaporudi. Kumbe nimewapa na siku ya kusafiri!

Na jambo jingine. Tangu juzi zile taa hazijaonekana. Shangazi alipiga vigelegele, akafungua madirisha. Haruna hakufurahi. Anasema walioziwasha wamezima baada ya bei zangu, usiku ule ule. Maana yake miongoni mwao yuko mtu wa ziwa, naye kaelewa. Wametulia tu, wanangoja giza kama bibi anavyongoja.

Wote wananisikiliza. Wote wanasubiri siku moja.

Ijumaa, 29 Novemba

Nimesimamishwa. Mtu wa juu kamuuliza Selestini ziwa lilifuata nini kwenye bei ya dagaa. Selestini aliniambia kwa upole kuliko ningependa. Bei zitasomwa Dar. Nikamwomba sentensi moja tu, wasubiri, wasitoke na giza, wavuke mchana kama Dismasi. Akasema ningeiomba jana angejaribu.

Nimetafuta wa kurudi kule kuwaambia. Dismasi kaniangalia kama mwendawazimu. Sikumlaumu.

Jumamosi, 30 Novemba

Mwezi sasa unachelewa kutoka, kesho wanatoka kuvua. Nimemsihi Haruna wasitoke. Akaniuliza watoto watakula habari?

Wavuvi wamekaa kikao chao. Wameamua wataendelea kuvua lakini hakuna atakayeinua taa, kwa mtu yeyote, hata akiita kwa jina la mama yake. Wana ishara nyingine ya kutambuana wao kwa wao. Nikamuuliza ni ipi. Haruna amenibeba mgongoni utotoni, amenifundisha kuogelea, amempiga mtu kwa ajili yangu harusini. Akatazama nyavu zake.

"Wewe usiniulize, Nasma," akasema. "Na mimi sitakuambia."

Nilijifanya sikuumia. Nimeumia.

Jumapili, 1 Desemba

Nipo mwaloni. Naandika hapa hapa, mkono hautulii bila kalamu.

Isha imeadhiniwa muda umepita. Mwezi haujatoka bado. Giza lile lenyewe. Ziwani taa zimejaa, nzuri, kama hapajatokea kitu duniani. Zipi za Haruna? Zipi za wale? Nimekodoa mpaka machozi. Zote zinafanana.

Haruna kaniachia karabai ya akiba. Imewashwa, nimeifunika debe la mafuta, kuna ufa mdogo unaotoa mwanga, ndio ninaoandikia. Akanipa na onyo: ni ya dharura. Nikiinua hapa, walio ziwani wataona watu wako wapi. Nyuma yangu wamelala wageni ufukweni kote, wanawake na vichanga, malori hayajaja tangu Ijumaa. Askari wawili wa zamu wamekwenda kula, hawajarudi.

Veneranda amekaa pembeni yangu, goti lake limegusa langu.

Kasia. Amesikia yeye kwanza.

Ndiyo, makasia. Polepole, ya watu waliochoka. Au ya watu wanaotaka tudhani wamechoka. Kimya tena.

Wanaita.

Wananiita mimi. "Nasma! Nasma wa Kigoma! Tuinulie taa!" Ni mwanaume. Ananiita kama ninavyojitaja redioni, kwa kuvuta sauti vilevile. Nimemuuliza Veneranda kama anaijua sauti. Anatikisa kichwa. Haijui. Lakini chombo kinakuwa na watu wengi, anasema, hawezi kujua sauti za wote.

Wameita tena. Ninayetakiwa kumjibu simjui, anayenijua simuoni.

Mtoto amekohoa. Huko gizani, ndani ya kile chombo. Kikohozi, halafu mluzi wa kifua. Veneranda amenikamata mkono, kucha zimeingia. Ni yeye, anasema. Ni Honorata. Kisha anasikiliza, anasema hajui. Watoto wote wa vita wanakohoa.

Taa moja imepanda.

Si ya hapa. Ni ziwani, kushoto, mbali na nyingine. Imepanda, imeshuka. Imepanda, imeshuka. Na tena. Haruna aliapa hakuna hata mmoja wao atakayeinua. Aliapa mbele ya mama yake. Labda kuna kijana kaingiwa na huruma. Labda.

Sauti imeacha kuniita. Makasia yanageuka, nayasikia, yanakwenda kule. Sasa yana haraka. Wanafurahi, mtu mmoja amecheka. Kuna mtu anawaambia watoto kitu, kwa sauti ya kubembeleza. Veneranda anasema anawaambia wavue viatu.

Nimeona taa. Nimesikia watu. Selestini, nimesikia watu.

Veneranda ameinuka amepiga magoti, haangalii ziwa, ananiangalia mimi. Nimeweka mkono juu ya debe. Ni la moto.